Kuchakata fomu za mkopo wa SACCOS kwa grafu ya maamuzi: mwongozo wa hatua kwa hatua

Fomu ya maombi ya mkopo katika SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya wafanyakazi huwa na kurasa chache tu, lakini kazi inayoizunguka ni kubwa kuliko kurasa zenyewe. Afisa mikopo hulinganisha akiba ya mwombaji na kiasi anachoomba, husoma hati ya mshahara, hukokotoa makato, hukagua wadhamini, kisha huandika pendekezo kwa kamati ya mikopo. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni hesabu na vigezo ambavyo tayari vimeandikwa katika masharti ya chama na sera yake ya mikopo, na kwa sababu hiyo inaweza kukabidhiwa kompyuta. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuikabidhi kwa njia ya grafu ya maamuzi, yaani mtandao wa kanuni ndogondogo ambamo jibu la kanuni moja huingia katika kanuni inayofuata, hadi pendekezo la mwisho lipatikane.

Mfano nitakaoutumia ni wa SACCOS ya Tanzania Bara, kwa kuwa viwango vyake vya kodi na makato vinajulikana na vinaweza kuhakikiwa na yeyote. Njia yenyewe inafaa pia kwa fomu za madai ya bima, marejesho ya masurufu, au ritani za kodi. Idara ya mapato ya Marekani, IRS, ilipojenga Direct File, huduma ya kuwasilisha ritani mtandaoni iliyofanyiwa majaribio mwaka 2024 katika majimbo 12, iliweka kanuni zake za kodi katika grafu ya namna hii, ikitenganisha taarifa zinazoandikwa na mlipakodi na taarifa zinazotokana na hesabu. Utengano huo ndio msingi wa kila kitu kinachofuata hapa.

Wengi wanaojaribu kazi hii huanza kwa kuandika programu moja ndefu yenye "ikiwa" ndani ya "ikiwa" nyingine. Programu hiyo hutoa majibu, na mara nyingi majibu sahihi, mpaka siku mwanachama atakapouliza kwa nini amekataliwa, au mkutano mkuu utakapobadilisha kigezo kimoja na mhasibu akashindwa kujua ni mistari mingapi inayoguswa. Grafu ya maamuzi haina hesabu yoyote ambayo programu ya kawaida haiwezi kuifanya. Faida yake ni kwamba kila nodi, yaani kila kituo cha grafu, ina jina, ina kanuni moja, na inaweza kuulizwa sababu ya jibu lake. Ukijenga grafu isiyoweza kujibu swali hilo, umejitaabisha bure.

Hatua ya kwanza: anza na sababu za kukataa

Usianze na fomu. Fomu nyingi zimerithiwa kutoka chama kingine, na zina visanduku ambavyo hakuna anayevisoma. Chukua badala yake masharti ya chama, sera ya mikopo, na mihtasari ya vikao vya kamati ya mikopo, kisha uandike kila sababu ambayo imewahi kutolewa ili kukataa ombi, kulipunguza, au kulirudisha. Utapata orodha fupi kuliko ulivyotarajia: akiba haitoshi, makato yanazidi, mdhamini ameelemewa, uanachama haujatimiza muda, mkopo wa zamani haujalipwa, kiambatisho hakipo.

Kila sababu katika orodha hiyo ni nodi moja. Andika pembeni yake kifungu cha masharti kinachoiruhusu. Baadhi ya sababu hazitakuwa na kifungu chochote, kwa kuwa zilikuwa desturi ya kamati au hisia ya mjumbe mmoja, na hizo usiziingize kwenye kompyuta mpaka bodi izipitishe kwa maandishi. Huu ni mjadala wa watu na huchosha, lakini kompyuta haiwezi kuufanya kwa niaba yenu, na desturi isiyoandikwa ikishaingizwa kimyakimya kwenye programu inakuwa sheria ambayo hakuna aliyeipigia kura.

Amua pia matokeo ya mwisho yatakuwa mangapi. Ninashauri yawe matatu: ombi linapendekezwa, ombi halipendekezwi, na ombi linapelekwa kwa afisa mikopo. Tokeo la tatu ndilo linaloiokoa grafu, kwa maana bila hilo kila jambo lisiloeleweka litasukumwa upande mmoja au mwingine kwa nguvu.

Hatua ya pili: chora grafu kurudi nyuma

Weka pendekezo la mwisho upande wa kulia wa karatasi pana. Jiulize linategemea nini moja kwa moja. Katika mfano wetu linategemea mambo manne: uanachama halali, kikomo cha akiba, uwezo wa kulipa, na udhamini. Kisha uliza swali hilohilo kwa kila moja. Uwezo wa kulipa unategemea rejesho la kila mwezi na nafasi iliyobaki katika mshahara. Nafasi hiyo inategemea mshahara wa msingi, kodi ya mapato, mchango wa hifadhi ya jamii, marejesho ya mkopo wa elimu ya juu, na mikopo mingine. Kodi nayo inategemea kipato kinachotozwa kodi, ambacho hutegemea mshahara na mchango wa hifadhi ya jamii. Endelea hivyo mpaka ufike kwenye taarifa ambazo haziwezi kukokotolewa na ambazo lazima ziandikwe na mtu au zisomwe kutoka katika hati. Hizo ndizo taarifa ambazo fomu inapaswa kuziuliza, na ndipo utakapogundua ni visanduku vingapi vya fomu ya sasa vinavyoweza kufutwa.

Mishale yote ielekee upande mmoja, kutoka taarifa kwenda pendekezo, na isiwepo njia ya kuzunguka na kurudi ulikotoka. Sharti hili linaonekana jepesi mpaka ufike kwenye wadhamini. Katika chama cha watu wanaofahamiana ni kawaida mwanachama wa kwanza kumdhamini wa pili, na wa pili kumdhamini wa kwanza, wakati mwingine ndani ya wiki ileile. Ukiandika kwamba uwezo wa mdhamini unategemea maombi anayoyadhamini, na maombi hayo yanategemea uwezo wa wadhamini wake, umejenga mzunguko usio na mwanzo. Suluhisho ni kuugandisha wakati: uwezo wa mdhamini usomwe kutoka katika daftari la chama kama lilivyokuwa mwisho wa siku iliyotangulia, likihesabu dhamana zilizokwisha kupitishwa pamoja na zile zinazosubiri uamuzi, na dhamana inayosubiri ihesabiwe kana kwamba imepitishwa. Kwa namna hiyo watu wawili walioomba siku tofauti hawawezi kuegemea akiba ileile, na grafu inabaki bila mzunguko.

Hatua ya tatu: safisha taarifa mlangoni

Kanuni zisishughulike na namna watu wanavyoandika. Kazi hiyo ifanyike kabla ya taarifa kuingia kwenye grafu, katika sehemu moja tu. Kiasi cha fedha kitakuja kama 5,000,000/=, au 5.000.000, au 5m, au "milioni tano", na vyote vigeuzwe kuwa namba moja. Namba hiyo ihifadhiwe kama idadi kamili ya senti au kwa aina ya namba za desimali iliyokusudiwa fedha, kwa sababu namba za kawaida za nukta inayoelea haziwezi kubeba sehemu ya kumi kwa usahihi: ukiijumlisha 0.1 na 0.2 katika lugha nyingi za programu utapata 0.30000000000000004. Tofauti hiyo ni ndogo mno, lakini inatosha kumvusha mtu mpaka wa daraja la kodi.

Baadhi ya taarifa hujikagua zenyewe. Namba ya utambulisho wa mlipakodi, TIN, ina tarakimu 9. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo kanuni moja fupi inaweza kulinganisha namba hiyo na tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye fomu. Zikipishana, usikatae ombi. Lipeleke kwa afisa, kwa kuwa kosa la kunakili ni jambo la kawaida kuliko udanganyifu. Majina nayo yalinganishwe kwa uangalifu, maana mtu mmoja anaweza kuwa na majina matatu kwenye kitambulisho na mawili kwenye hati ya mshahara, tena kwa mpangilio tofauti. Tarehe ziandikwe kwa mwaka, mwezi na siku, ili 03/04 isisomwe kuwa Machi na mtu mmoja na Aprili na mwingine.

Ikiwa fomu ni za karatasi na unatumia programu inayosoma maandishi kwenye picha, kila thamani iliyosomwa ibebe kiwango cha uhakika wake. Thamani yenye uhakika mdogo isiingie kwenye hesabu kabla mtu hajaithibitisha.

Hatua ya nne: pengo si sifuri

Hapa ndipo mifumo mingi ninayoiona huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Fomu ina kisanduku cha "Makato ya mikopo mingine kwa mwezi", na mwombaji amekiacha wazi. Je, hana mkopo mwingine, amesahau, au hataki kusema? Lahajedwali ya kawaida ukijumlisha seli iliyo wazi huihesabu kuwa sifuri, na kwa hiyo mwombaji aliyenyamaza anaonekana ana nafasi kubwa kuliko mwenzake aliyesema ukweli. Mfumo wa namna hiyo unawafundisha wanachama kunyamaza.

Kila nodi, kwa hiyo, iwe na uwezo wa kutoa jibu la tatu zaidi ya ndiyo na hapana, ambalo ni "haijulikani". Jibu hilo lisafiri mbele kwa kanuni maalumu. Kanuni inayodai mambo mawili yatimie kwa pamoja itajibu hapana endapo moja halijatimia, hata kama la pili halijulikani, kwa kuwa hakuna taarifa itakayoweza kubadilisha jibu. Ikiwa la kwanza limetimia na la pili halijulikani, jibu ni haijulikani. Kwa kanuni inayoridhika na moja kati ya mawili, hali hugeuka: ndiyo moja inatosha. Katika hesabu za kujumlisha na kutoa hakuna njia ya mkato. Kipengele kimoja kisichojulikana huifanya jumla nzima isijulikane.

Faida ya pili ya utaratibu huu ni kwamba grafu inaweza kusema ni taarifa gani hasa inayokosekana. Ukifuata mishale kurudi nyuma kutoka kwenye pendekezo lisilojulikana, utafika kwenye kisanduku kimoja au viwili vilivyo wazi, na ujumbe wa simu kwa mwanachama unaweza kutaja hivyo tu badala ya kumrudishia fomu nzima. Na ikiwa tayari ameshindwa kigezo cha muda wa uanachama, hakuna haja ya kumsumbua atafute hati ya mshahara.

Rekebisha pia fomu yenyewe. Pembeni ya kila kisanduku cha kiasi weka kisanduku cha kutia alama chenye neno "Sina". Mabadiliko haya madogo ya karatasi yanazuia matatizo mengi kuliko kanuni kumi za kompyuta.

Hatua ya tano: andika kanuni kwa majedwali

Nodi nyingi ni hesabu ya mstari mmoja, lakini zile zenye madaraja ziandikwe kama majedwali ya maamuzi, ambamo kila mstari una sharti na jibu. Kodi ya mapato ya ajira, PAYE, ni mfano mzuri. Kwa mwajiriwa mkazi wa Tanzania Bara, kipato cha mwezi kisichozidi shilingi 270,000 hakitozwi. Kinachozidi 270,000 hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, kinachozidi hapo hadi 760,000 hutozwa asilimia 20, kinachozidi hapo hadi 1,000,000 hutozwa asilimia 25, na kinachozidi 1,000,000 hutozwa asilimia 30. Majedwali yanayochapishwa huongeza kiasi cha kuanzia katika kila daraja: 20,000, kisha 68,000, kisha 128,000.

Usiviandike viasi hivyo vya kuanzia kwenye jedwali lako. Hifadhi mipaka na asilimia pekee, na uache programu ijumlishe kiasi cha kuanzia yenyewe. Hadi Juni 2021 daraja la kwanza lenye kodi lilitozwa asilimia 9, na viasi vya kuanzia vilikuwa 22,500, 70,500 na 130,500. Asilimia moja iliposhushwa kuanzia Julai 2021, namba zote tatu zilibadilika. Mtu aliyekuwa ameziandika kwa mkono alilazimika kurekebisha sehemu nne, na aliyeisahau moja alipata kodi isiyo sahihi kwa kundi moja tu la wafanyakazi, kosa ambalo ni gumu kuligundua kwa sababu wengine wote wako sawa.

Mipaka nayo iandikwe kwa "zaidi ya" na "hadi", wala si kwa kuanzia 270,001. Baada ya kutoa mchango wa asilimia 10, kipato kinaweza kuwa 270,000.90, na jedwali linaloanzia 270,001 halitakuwa na mstari wa kumpokea mtu huyo.

Kila jedwali litangaze pia kanuni ya kuchagua mstari. Kiwango cha kimataifa cha kuandika kanuni za maamuzi, DMN, ambacho taasisi ya Object Management Group ilitoa toleo lake la kwanza mwaka 2015, kinatambua namna kadhaa. Ninapendelea ile inayodai kwamba mstari mmoja pekee uweze kulingana na taarifa zilizoingia. Namna inayochukua mstari wa kwanza unaolingana ni nyepesi kuandika, lakini huficha migongano: mistari miwili ikipingana, wa juu hushinda kimyakimya, na mtu akipanga upya mistari ili ipendeze machoni, maamuzi yanabadilika bila mtu kugusa kigezo chochote.

Hatua ya sita: pitisha ombi moja kwa mkono

Kabla ya kuandika programu, chukua ombi moja na ulipitishe kwenye karatasi. Tuseme mwombaji ni mwajiriwa wa sekta binafsi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 900,000 bila posho, anachangia NSSF asilimia 10, anarejesha mkopo wa elimu ya juu kwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na analipa benki 120,000 kila mwezi. Akiba yake ni 1,800,000. Anaomba 5,000,000 kwa miezi 24, na riba ya chama ni asilimia 12 kwa mwaka.

Nodi ya kikomo cha akiba inatumia kigezo kilichozoeleka cha mara tatu ya akiba, na inatoa 5,400,000, kwa hiyo ombi linapita hapo. Mchango wa NSSF ni 90,000, na kipato kinachotozwa kodi ni 810,000. Kodi ni 68,000 pamoja na asilimia 25 ya 50,000, yaani 80,500. Rejesho la mkopo wa elimu ni 135,000. Baada ya makato hayo matatu anabakiwa na 594,500, na baada ya benki anabakiwa na 474,500. Chama chetu cha mfano kinafuata kanuni ya theluthi moja, inayotaka mshahara unaofika mkononi usipungue theluthi ya mshahara wa msingi, ambayo hapa ni 300,000. Nafasi ya rejesho jipya ni 174,500.

Sasa rejesho ni kiasi gani? Ikiwa riba inakokotolewa juu ya salio linalopungua, rejesho la miezi 24 ni takriban 235,367, nalo linazidi nafasi iliyopo. Ikiwa chama kinaruhusu hadi miezi 36, rejesho linashuka hadi takriban 166,072, na ombi linapita. Lakini ikiwa riba inakokotolewa juu ya mkopo wote wa awali hadi mwisho, rejesho la miezi 36 ni 188,889, na mwombaji anashindwa hata kwa muda huo mrefu. Mtu yuleyule, kwa asilimia ileile, anapata majibu mawili yanayopingana, na sera inayosema "asilimia 12 kwa mwaka" peke yake haitoshi kuamua. Afisa mikopo mzoefu hulijibu swali hilo kichwani bila kujua kwamba amejibu. Grafu haiwezi kwenda mbele mpaka mtu aandike. Pelekeni swali kwa bodi, lijibiwe kwa maandishi, na nodi ya rejesho itaje kifungu hicho.

Zoezi hilo linaonyesha pia kwamba grafu inaweza kufanya zaidi ya kukubali au kukataa. Ombi likishindwa kwenye uwezo wa kulipa pekee, iongezwe nodi inayojaribu muda mrefu zaidi unaoruhusiwa na kiasi kikubwa zaidi kinachoingia ndani ya nafasi, ili mwanachama apewe pendekezo mbadala siku hiyohiyo.

Theluthi moja iwe nodi yenye jina lake, isiwe namba iliyofichwa ndani ya hesabu nyingine. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19(3), inazuia jumla ya makato kuzidi theluthi mbili ya ujira, na msingi wa hesabu si lazima uwe uleule. Kiwango cha hifadhi ya jamii pia hakifanani kwa wote, kwa maana mtumishi wa umma aliye PSSSF huchangia asilimia 5. Chama chenye wanachama wa aina zote mbili kinahitaji nodi inayochagua mfuko kabla ya nodi inayokokotoa mchango.

Hatua ya saba: chagua zana

Lahajedwali kama Excel ni grafu tayari, kwa kuwa kila seli yenye fomula hutegemea seli nyingine na programu hulalamika ukiweka mzunguko. Kwa kuanzia na kwa kujadiliana na kamati inafaa sana. Haifai kuwa mfumo wa mwisho, kwa sababu ya tatizo la pengo nililolitaja na kwa sababu yeyote anaweza kubadilisha fomula bila kuacha alama.

Kwa chama chenye msanidi programu mmoja, Python inatosha. Kila nodi inakuwa funksheni fupi inayotaja nodi inazozitegemea, na moduli ya graphlib, iliyomo ndani ya Python tangu toleo la 3.9, hupanga mfuatano wa kukokotoa na kugoma endapo kuna mzunguko. Taasisi kubwa ambayo wataalamu wa mikopo wenyewe wanataka kuhariri majedwali itafaidika na injini za kanuni, yaani programu za kuendesha majedwali ya maamuzi, zinazofuata DMN, kama vile Camunda au Drools. Usichague injini kwa sababu ya mvuto wa michoro yake. Mpe mhasibu ajaribu kubadilisha kigezo kimoja akiwa peke yake, uone kama anaweza.

Hatua ya nane: kila jibu liache kumbukumbu

Kwa kila ombi, hifadhi taarifa zilizoingia, toleo la kanuni lililotumika, jibu la kila nodi, na saa ya uamuzi. Kutokana na kumbukumbu hiyo andaa maelezo kwa mwanachama katika Kiswahili cha kawaida, yakitaja nodi zilizoamua na si zote: "Rejesho la shilingi 235,367 kwa mwezi linazidi nafasi ya shilingi 174,500 iliyobaki katika mshahara wako. Unaweza kuomba miezi 36." Andika sentensi ya kila nodi wakati unapoandika kanuni yake. Zikiachwa hadi mwisho huandikwa kwa haraka, na mwanachama hupokea maneno kama "vigezo havijatimia", ambayo hayamsaidii lolote.

Kamati ikiamua kinyume cha pendekezo, na ina haki ya kufanya hivyo, mfumo udai sababu na jina la aliyeidhinisha kabla ya kuendelea. Sheria nazo zinaelekea huko. Kenya, kupitia kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi uliofanywa na mashine peke yake endapo una athari kubwa kwake, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo kila chama kinachohifadhi hati za mishahara kinapaswa kuizingatia. Usihifadhi nakala ya kitambulisho ndani ya kumbukumbu za uamuzi wakati namba iliyohakikiwa inatosha.

Hatua ya tisa: jaribu mipakani, kisha endesha sambamba

Majaribio ya kwanza yafanyike kwenye mipaka. Kipato cha 270,000 kitoe kodi ya sifuri, 520,000 kitoe 20,000, 760,000 kitoe 68,000, na 1,000,000 kitoe 128,000. Kisha ongeza shilingi moja kwa kila kimoja na uhakikishe kodi inapanda kidogo bila kuruka. Jaribu mwombaji ambaye rejesho lake linalingana kabisa na nafasi iliyobaki, kwa kuwa hapo ndipo "isipungue" na "izidi" huchanganywa. Ondoa kisanduku kimoja kimoja na uangalie kama jibu linageuka kuwa haijulikani pale linapopaswa.

Baada ya hapo pitisha maombi ya zamani ambayo kamati ilikwisha kuyaamua, kisha endesha grafu sambamba na kamati kwa kipindi fulani bila matokeo yake kutumika. Kila tofauti kati ya hizo mbili ichunguzwe na kuwekwa katika kundi lake: taarifa ilisomwa vibaya, kanuni imekosewa, kanuni haipo kabisa, au kamati ilifanya hisani. Kundi la mwisho ndilo lenye kishawishi. Msanidi ataona kamati imemsamehe mwanachama aliyefiwa, atataka kuongeza kanuni ya msiba, na kidogo kidogo grafu itajaa vighairi vya mtu mmojammoja. Hisani ibaki kwa kamati, na ionekane kwenye kumbukumbu kuwa ni hisani.

Hatua ya kumi: tarehe katika kila kanuni

Kila kigezo kiwe na tarehe ya kuanza kutumika na tarehe ya kukoma, na grafu ichague toleo kwa tarehe ya tukio linalohusika, si kwa siku ambayo kompyuta inafanya hesabu. Mshahara wa Juni 2021 utozwe asilimia 9 katika daraja la kwanza lenye kodi hata kama unakaguliwa leo. Amueni mapema tarehe ipi inatawala kipi: kwa kodi ni mwezi wa mshahara, lakini kwa kikomo cha mara tatu ya akiba chama kinaweza kuchagua siku ya kupokea ombi au siku ya kikao, na mwanachama aliyewasilisha ombi siku moja kabla ya mkutano mkuu kubadilisha kikomo ana haki ya kujua ni ipi iliyochaguliwa.

Kigezo cha zamani kisifutwe wala kuandikwa juu yake. Kifungwe kwa tarehe, kipya kiongezwe chini yake, na mtu wa pili akihakiki kabla hakijaanza kazi. Kwa kuwa viwango vingi vya kodi Tanzania hubadilika kwa sheria ya fedha inayoanza tarehe 1 Julai, weka kazi ya kudumu kwenye kalenda ya mhasibu kila mwezi Juni: asome mabadiliko, aingize vigezo vipya kwa tarehe ya mbele, apitishe tena majaribio yote ya mipakani, na aorodheshe maombi yanayosubiri ambayo majibu yake yatageuka tarehe hiyo ikifika, ili wenye maombi hayo wapigiwe simu mapema.